Strima ya Milioni Mbili na Nusu, Mkopo wa Siri na Swali Moja la Baba Mkwe

Wanaume wengi wa mjini wana ugonjwa mmoja ambao hospitali haujulikani: ugonjwa wa muziki wa nyumbani. Unaanza kidogo kidogo. Leo sabufa ya Kariakoo, kesho spika za mtumba kutoka Japani, keshokutwa mtu anabishana usiku kucha na watu asiowajua kuhusu unene wa nyaya. Ukija kushtuka, sebule imejaa, mfuko umekauka, na mke anauliza kwa ule upole wake unaotisha: "Na hiki kingine ni cha nini?"

Stori ya wiki hii inatoka Tabata, na wahusika majina yao yanabaki kapuni. Ni stori ya muziki, lakini ndani yake kuna deni, kuna ndoa, na kuna mzee mmoja ambaye macho yanamwacha taratibu. Na kwa wale wanaotafuta strima ya bei ya kawaida ya kuchomeka kwenye muziki wa nyumbani, humu ndani kuna hesabu nzima. Soma mpaka chini.

Jamaa, mkewe na mzee

Jamaa ana miaka 34, anafanya kazi za kutoa mizigo bandarini. Mkewe ana duka la vipodozi, mwanamke wa mahesabu, kila wiki lazima aweke hela ya mchezo kabla hajanunua hata soda. Wana mtoto mmoja. Maisha yalikuwa fresh, si ya kifahari, si ya kuomba chumvi kwa jirani.

Mwaka jana baba yake mke akaja kuishi nao. Mzee ni mstaafu wa reli, maisha yake yote Tabora. Presha ya macho ilikuwa imemkamata muda mrefu bila yeye kujua, na kliniki yake ikawa Dar. Kwa wasiojua, presha ya macho ikishakula sehemu ya uono, ile sehemu hairudi. Dawa zinazuia tu isiendelee. Mzee anaona mwanga, anaona umbo la mtu, lakini kusoma maandishi ya simu ndiyo basi tena.

Sasa mila zetu zinajulikana. Mzee kukaa kwa mkwe si jambo jepesi. Anakula kidogo, anasema kidogo, kila kitu "asante mkwe, inatosha." Alichokuja nacho ni begi moja, dawa zake za macho, na mzigo uliofungwa kwenye blanketi: amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 80 na spika mbili za mbao. Chuma hasa! Jamaa alipofungua lile blanketi machozi yalimlenga.

Akakifuta vumbi, akanunua kile kipokezi kidogo cha Bluetooth cha 25,000, akakichomeka nyuma. Jumapili ile sebule ikageuka dansi. Mlimani Park, Tabora Jazz, Morogoro Jazz, mzee anagonga vidole kwenye mkono wa kochi na anaanza kutaja nani alipiga gita na nani alipiga saksafoni. Mkewe baadaye alimwambia shoga yake kwamba tangu mama yao afariki hakuwahi kumsikia baba yake akiongea maneno mengi hivyo kwa siku moja.

Jumatatu asubuhi jamaa akachukua simu yake, akaenda kazini. Muziki nao ukaenda naye.

Hapo ndipo tatizo lilipo, na wengi wenye sabufa za Bluetooth wanalijua. Muziki unatoka kwenye simu. Simu ikitoka nje ya geti, muziki unakata. Mzee alibaki siku nzima na amplifaya inayowaka taa na haisemi kitu, pembeni televisheni ikiongea na ukuta.

Kwa wasiojua: strima ni nini?

Tuweke wazi kabla hatujaendelea, maana kuna mdau ataanza kusema "si anunue tu redio".

Strima ni kiboksi kidogo kinachounganishwa na Wi-Fi ya nyumbani upande mmoja, na amplifaya yako upande wa pili. Chenyewe ndicho kinachoingia mtandaoni kuchukua wimbo. Simu yako inabaki kuwa rimoti tu: unachagua wimbo, unabonyeza, kiboksi kinaufuata kule uliko na kuupiga. Ukipigiwa simu, muziki hausimami. Ukiondoka na simu kwenda Kibaha, muziki unaendelea sebuleni.

Bluetooth inafanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Simu inachukua wimbo mtandaoni, inaufinya tena, halafu inaurusha hewani mita chache mpaka kwenye kipokezi. Kila kitu kinapita kwenye simu: wimbo, mlio wa meseji, na (shika sana hili neno) hata voisi za WhatsApp.

Tamaa ikaingia

Jamaa akaanza kutafuta dawa. Usiku mkewe akilala, yeye yuko YouTube anaangalia Wazungu wenye vyumba vya muziki vikubwa kuliko nyumba yake nzima. Ndani ya wiki mbili alikuwa anajua majina ya chipu. Na ndani ya wiki tatu alikuwa ameshampenda mmoja: strima yenye mwili wa aluminiamu, kioo kikubwa cha rangi kinachoonyesha picha ya albamu. Muuzaji mmoja wa mtandaoni akasema ataiagiza kwa 2,500,000, atangulize laki tano.

Tuseme ukweli, sababu yake ilikuwa nusu nusu. Nusu ilikuwa ya mzee, na ile nusu ni ya kweli, tusimwonee. Nusu nyingine ilikuwa ile picha ya albamu kwenye kioo. Na angalia kichekesho chenyewe: kioo cha rangi, kwa ajili ya mtu ambaye haoni kioo.

Laki tano hakuwa nayo. Akaenda kwa kausha damu. Akachukua 500,000 arudishe 650,000 ndani ya siku 30. Kwenye fomu wakataka jina na namba ya mdhamini, akaandika ya mkewe. Mkewe hakuambiwa.

Siku 30 zikapita kama upepo. Muuzaji anasema mzigo uko njiani. Bandarini kazi zimepoa. Siku ya 32 ilikuwa Jumamosi jioni, familia yote iko sebuleni, mzee kwenye kochi lake, nyimbo zinapiga. Jamaa akapokea voisi WhatsApp, akaibonyeza huku akifikiri ni mshkaji wake wa kazini.

Simu ilikuwa bado imeunganishwa na amplifaya.

Sauti nzito ikajaa nyumba nzima kupitia zile spika za mbao za mzee: "Kaka, leo siku ya 32. Laki sita na nusu hatujaiona. Ukiendelea kukaa kimya tunampigia huyo mdhamini wako, mkeo, na tunakuja kubeba vitu."

Aisee. Hata mtoto aliacha kucheza.

Kwa Mswahili, kuaibika mbele ya mke ni jambo la kusuluhishwa chumbani. Kuaibika mbele ya baba mkwe ni jambo jingine kabisa. Jamaa alisimama katikati ya sebule ameshika simu kama ameshika kaa la moto. Mkewe hakupiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mdhamini ni mimi?"

Swali la mzee

Usiku ule mke na mume waliongea mpaka saa tisa. Yaliyosemwa chumbani yabaki chumbani, ila matokeo yanajulikana. Asubuhi jamaa alitoka akamkuta mzee amekaa kibarazani. Akapiga magoti, akamsalimia "shikamoo baba", akaanza kuomba radhi.

Mzee akaitikia marahaba, akamwacha amalize. Hakumgusia deni. Akauliza: "Mkwe, hicho chombo unachotaka kununua. Wewe ukienda kazini, kitaimba?"

Jamaa akasema ndiyo, kitaimba.

"Na mimi nitakiwasha mwenyewe? Au nitasubiri mtu arudi?"

Jamaa akafungua mdomo, akaufunga. Wiki zote zile za YouTube alikuwa ameuliza habari za chipu, za namba za sauti, za rangi ya kioo. Hilo la mzee hakuwahi kumuuliza mtu yeyote.

Kwa anayetafuta strima, hilo swali weka juu ya orodha yako kabla hujauliza bei. Nani ataitumia, saa ngapi, na kwa mkono gani? Ukijibu hilo, robo tatu ya vifaa vya sokoni vinajiondoa vyenyewe.

Hesabu: kuanzia bure kwenda juu

Haya, tuingie kwenye kazi.

*Ngazi ya kwanza, bure au karibu na bure.* Simu ya zamani iliyo kabatini. Hata kama kioo kimepasuka, ilimradi inashika Wi-Fi na ina tundu la hedifoni. Nunua waya wenye kichwa cha AUX upande mmoja na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande wa pili. Chomeka kwenye amplifaya, iache nyumbani. Hiyo tayari ni strima. Shida zake ni tatu: betri inayokaa kwenye chaji usiku na mchana huchoka na inaweza kuvimba, chaji nyingi zinaleta mvumo kwenye spika, na milio ya meseji itaingilia usipoizima.

*Ngazi ya pili, ya mtu anayependa kuchokonoa.* Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na programu za bure kama Volumio au moOde. Unaongeza kadi ya sauti, kava na chaja. Sauti yake ni nzuri, na mtu mwenye subira anafurahi nayo. Ila ikigoma siku ya Jumatano saa nne asubuhi, anayejua kuirekebisha awe nyumbani. Mzee na kompyuta isiyo na kava? Hapana.

*Ngazi ya tatu, kiboksi kilichotengenezwa kwa kazi hii tu.* Hapa ndipo soko limebadilika miaka ya karibuni. WiiM Mini ilipotoka ilikuwa dola 99 Marekani, na WiiM Pro dola 149. Mini inaingia kiganjani, inakula umeme wa USB wa volti 5 kama simu, ina Wi-Fi, Spotify Connect na AirPlay 2, na ina matundu mawili ya kutolea sauti: la AUX na la mwanga. Pro inaongeza tundu la waya wa intaneti, matundu ya chekundu na cheupe, na Google Cast.

Hapo kwenye Google Cast shika kalamu. Mtu wa Android anayesikiliza YouTube Music anahitaji kifaa chenye Google Cast, na Mini haina. Mwenye iPhone anaweza kutumia AirPlay, ila humo muziki bado unapita kwenye simu. Mwenye Spotify, iliyofunguliwa rasmi Tanzania mwaka 2021, anapita popote penye Spotify Connect. Kama programu yako ya muziki haina njia yoyote kati ya hizo, utajikuta unarudi kwenye Bluetooth, na hela umeshatoa. Kwa hiyo usianze na kifaa. Anza na programu unayoisikiliza kila siku, halafu tafuta kifaa kinachoelewana nayo.

*Ngazi ya nne, milioni na kuendelea.* Unalipia nini huko juu? Kioo, mwili wa chuma, matundu mengi zaidi, sehemu bora zaidi ya kugeuza namba kuwa sauti, na jina. Tofauti ya sauti inaweza kuwepo, lakini kwenye sebule ya Tabata yenye feni, vigae, mtoto na bodaboda dirishani, kusogeza spika kutoka kwenye kona ya ukuta kutakupa badiliko unalolisikia haraka zaidi, tena bure.

*Na mtumba je?* Kuna watu wanauza Chromecast Audio. Kilikuwa kifaa kitamu: kilitoka 2015 kwa dola 35, kikaacha kutengenezwa 2019. Lakini Machi 2025 vifaa hivyo pamoja na Chromecast ya kizazi cha pili viligoma duniani kote kwa siku kadhaa, kwa sababu cheti cha usalama kilichomo ndani kilikuwa kimefika mwisho wa muda wake, mpaka Google walipotuma marekebisho. Strima si kama amplifaya. Amplifaya ya miaka ya 80 inaimba mpaka leo, lakini strima inaishi kwa masasisho ya kampuni. Ndiyo maana kutia milioni mbili na nusu kwenye strima, halafu laki mbili kwenye spika, ni kujenga ghorofa kuanzia bati.

Mitego ya nyuma ya amplifaya

Hapa watu wanaunguza vitu, sikiliza vizuri.

Amplifaya za zamani huwa na tundu limeandikwa PHONO. Hilo ni la santuri tu. Ndani yake kuna kikuza sauti cha ziada, kwa hiyo ukichomeka strima pale utapata sauti kubwa iliyopasuka, na spika zinaweza kuumia. Tumia AUX, CD, TAPE au TUNER. Yote hayo ni sawa kwa strima.

Angalia volti. Mashine nyingi za mtumba zilizotumika Japani zimetengenezwa kwa volti 100. Umeme wetu ni volti 230. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka, la sivyo tafuta transfoma ya kupunguza umeme. Moshi wa kwanza ndio wa mwisho.

Wi-Fi nayo ina tabia zake. Ruta nyingi zinarusha 2.4 na 5 GHz. Ya 5 ina kasi lakini ukuta wa tofali unaichosha haraka. Kama ruta iko chumbani na strima iko sebuleni, 2.4 mara nyingi inatulia zaidi, na muziki hauhitaji kasi kubwa.

Na bando, kitu ambacho Wazungu wa YouTube hawakisemi kabisa. Muziki wa ubora wa 320 kbps unakula kama MB 144 kwa saa. Mzee akisikiliza saa 5 kila siku, hiyo ni MB 720 kwa siku, karibu GB 22 kwa mwezi. Ukishusha ubora mpaka 96 kbps, ni MB 43 hivi kwa saa, na mwezi mzima unakuwa GB 6 na nusu. Ule ubora wa CD bila kufinywa ni 1,411 kbps, yaani MB 635 kwa saa. Mafaili ya FLAC yanapunguza hapo bila kuharibu sauti, lakini bado ni mzigo. Kama nyumbani mnaishi kwa bando la wiki, piga hesabu hii kabla ya kununua chochote, maana strima isiyo na bando ni pambo.

Deni kwanza, muziki baadaye

Turudi Tabata. Mke aliweka masharti matatu: mzigo ule mkubwa ufutwe, deni lilipwe kwanza, na simu ya mumewe isiwe na siri ya hela tena.

Muuzaji alisema hela iliyotangulizwa hairudi. Kaka mkubwa wa jamaa akaenda naye, wakaongea kiutu uzima, ikarudi 350,000. Nyingine ikaliwa. Zilizobaki, 300,000, zilitoka kwenye mchezo wa mke. Ilikuwa zamu yake ya kupokea, na ile hela ilikuwa ya kuongeza mzigo dukani kuelekea Idd. Akaitoa. Hakusema kitu, lakini rafu moja ya duka ilibaki wazi msimu mzima, na kila jamaa alipopita kumchukua jioni aliiona.

Kwa muda wa miezi miwili nyumba iliendeshwa na simu ya zamani ya mke, yenye ufa kwenye kioo, imefungwa kwa waya wa 10,000. Muziki ulikuwepo. Mvumo pia ulikuwepo, kila chaji ilipochomekwa, mzee akiuita "nyuki wenu". Mwezi wa pili mgongo wa simu ukaanza kunyanyuka. Betri imevimba. Ikatolewa haraka kabla haijaleta balaa.

Jamaa alimrudishia mkewe ile 300,000 yote kwanza. Ndipo wakakaa wawili mezani, kwa mara ya kwanza wakichagua kifaa pamoja. Wakaenda na ngazi ya tatu, kile kidogo kabisa, kikaletwa na mtu aliyekuwa anarudi kutoka Dubai, 300,000 mkononi. Kwa sababu gani kile? Nyumba nzima inatumia Spotify, kwa hiyo Google Cast hawakuihitaji. Amplifaya ina tundu la AUX. Na kina kitufe cha kucheza na kusimamisha kwenye mwili wake.

Kile kitufe ndicho kilichofunga mjadala. Mke alichukua kishanga kimoja kutoka kwenye bangili yake, akakigandisha juu yake kwa gundi. Mzee anapapasa, anakuta kishanga, anabonyeza. Sauti anaongeza kwenye kinobu cha amplifaya, kinobu ambacho vidole vyake vinakijua kwa miaka 40. Kwenye programu wakaweka saa ya kuamsha: kila siku saa tatu asubuhi kifaa kinaanza chenyewe na redio ya mtandaoni. Hakuna anayesubiriwa kurudi.

Zile nyimbo ambazo hazipo mtandaoni, maana bendi zetu nyingi za zamani hazijapanda zote, zilitoka kwenye kanda za mzee mwenyewe. Fundi mmoja akazigeuza kuwa mafaili, zikawekwa kwenye laptopu ya zamani inayozigawa kwa Wi-Fi ya nyumbani. Kazi hiyo nayo ina gharama na muda, lakini hizo hazili bando hata kidogo, kwa sababu haziendi mtandaoni. Zinatoka chumba hiki kwenda chumba kile.

Kilichobaki

Usidhani mambo yote yamekuwa asali. Mkewe bado akisikia simu ya mumewe inalia usiku anageuka. Namba yake ilikaa kwenye daftari la kausha damu mwezi mzima bila yeye kujua, na kitu kama hicho hakiondoki kwa sababu tu deni limelipwa. Jamaa naye amejifunza kukata Bluetooth kabla ya kufungua voisi, ila mkewe anasema angependa ajifunze zaidi kutokuwa na voisi za kuficha.

Mzee yeye hakuwahi kuligusia lile deni mpaka leo. Ila mwezi uliofuata pensheni ilipoingia, alimwita mkwewe, akampa 50,000, akasema ni ya bando. Jamaa akakataa mara mbili. Mara ya tatu mzee akamwambia, "Chukua. Na mimi ni mtu wa nyumba hii." Tangu siku hiyo, mkewe anasema, baba yake ameanza kuongeza chakula mezani bila kusubiri kukaribishwa.

Sasa kazi kwenu wadau. Mume amekopa kwa siri, ameandika jina la mkewe kama mdhamini, lakini kitu chenyewe nusu kilikuwa kwa ajili ya baba mzazi wa mke. Je, ile nusu ya nia njema inapunguza kosa? Na wewe dada, ungetoa hela ya mchezo wako kulipa, au ungewaacha waje wabebe amplifaya?

Na wenye strima za bei ya kawaida majumbani, tajeni mnazotumia, bei mliyonunulia na programu mnayosikilizia, mtu mwingine asije akapita njia ya huyu kaka. Shuka kwenye komenti, tiririka.